Nyumba Zisizoitikia Salamu

Juzijuzi kazi ilinipeleka Bologna, na kwa kuwa mkutano uliisha mapema nikafanya kile wanachofanya wageni wote wasio na mwenyeji: nikapakua matembezi ya kusikiliza kwenye simu, nikatia vya kusikilizia masikioni, nikaanza kufuata mstari wa buluu katikati ya mji wa zamani. Mnajua inavyokuwa. Simama hapa, inua macho, nyumba hii ilikuwa ya fulani, sasa geuka kushoto. Sikuwa nimechagua lugha, kwa hiyo sauti iliyonipokea ilikuwa ya mwanamke akisema Kiitaliano taratibu, kama anayembembeleza mtoto amalize uji. Nikiwa chini ya zile baraza zao ndefu, uso ukanipanda moto. Niliona aibu ghafla, ile aibu ya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa, nikatazama huku na huku kama kuna aliyenisikia. Maana midomo yangu ilikuwa tayari imesema jambo kwa mlango wa mtu.

Ninyi wa rika langu mliolelewa Brussels na wazazi wa Kivu, nadhani kila mmoja ana kitu alichofanyishwa na baba yake hadharani ambacho mpaka leo kikimjia akiwa kwenye tramu anafumba macho. Mimi changu ni nyumba za Grand-Place, ule uwanja wa katikati ya mji wenye kuta zilizonakshiwa dhahabu. Nilizisalimia kwa sauti, kwa majina ya wenyewe, Jumapili baada ya Jumapili, na hazikuwahi kuitikia.

Papa alikuwa msafisha vyumba katika hoteli moja karibu na Bourse. Mgeni mmoja Mwitaliano, siku ya kuondoka, alimwachia kidude cha kusikilizia, kikubwa kidogo kuliko kiberiti, pamoja na ramani ya mji yenye namba. Ndani ya kidude mlikuwa na matembezi ya mtu kujiongoza mwenyewe. Unafika kwenye namba ya kwanza, unabonyeza, mwanamke anakueleza unachokiona. Ukibonyeza tena anakupeleka namba inayofuata. Yote kwa Kiitaliano. Papa alikuwa na Kiswahili, Mashi, Kifaransa, na Kilingala cha kujitetea, lakini Kiitaliano hakuwa nacho hata cha kuombea maji.

Hilo sikulijua. Nilikuwa na umri wa kung'oka meno, na shuleni ndiyo kwanza tumeanzishiwa Kiflamani, lugha ya pili ya mji, ambacho nilikuwa mbovu nacho kabisa. Siku Papa aliponiruhusu kutia kimoja cha vile vya kusikilizia sikioni nikasikia maneno yanayopita bila hata moja kutua, nilijiambia, kumbe Papa anajua Kiflamani. Nikajivunia yeye na kujionea aibu mimi, vyote kwa pamoja. Sikumwuliza. Nilimrudishia kile cha sikioni nikanyamaza, kama mtu aliyekaribishwa chakula asichojua kinavyoliwa.

Jumapili Maman alikuwa kazini Uccle, akimtunza bibi mmoja wa Kizungu aliyekuwa hawezi kuamka mwenyewe, kwa hiyo tulibaki mimi na Papa. Tukitoka kusali tulipanda tramu kutoka kwetu Laeken mpaka katikati, Papa na koti lake la kijivu na kofia, mimi na soksi nyeupe nilizokatazwa kuchafua. Tukifika Grand-Place alitoa ramani, akabonyeza, akainua kidole kuniashiria kimya, akasikiliza. Alisikiliza vizuri sana. Aliitikia kwa kichwa, mara nyingine akasema "mm" kama mtu anayepewa habari za nyumbani. Kisha alitoa vile vya masikioni, akaniinamia, akanieleza.

"Hii ni ya Papa Bisimwa," alisema mbele ya nyumba yenye bata mzinga mweupe juu ya mlango, ambaye baadaye nilikuja kuambiwa si bata mzinga hata kidogo, ni bata maji. "Fundi ya nguo. Njo alishona costume yangu ya ndoa. Muguu moja ilikuwa murefu, ingine mufupi. Niliingia kanisa niko nainama upande, na maman yako akafikiri nimeshalewa."

Nyumba ya pili yake, yenye mpanda farasi wa dhahabu huko juu kabisa, ilikuwa ya Maman Nabintu, mwenye kasiksi, pombe ya ndizi ambayo watu walitoka mitaa mingine kuifuata. Maman Nabintu alimnyima kinywaji mwanamume yeyote ambaye mke wake alikuja kulalamika, na kicheko chake, Papa alisema, kilisikika mpaka mwisho wa avenue. Ile ya pembeni ilikuwa ya Papa Mugisho, aliyejua kufunga mifupa. Tuliendelea hivyo, mlango kwa mlango, na kila mlango ulikuwa na mtu wake, na kila mtu alikuwa na jambo lake la kuchekesha. Hata yule mtoto wa shaba anayekojoa, ambaye wageni wanasukumana kumpiga picha, Papa alisema ni mtoto wa Maman Riziki, aliyekojoa vile vile, hakungojaka mtu atazame pembeni.

Lakini kabla ya hadithi ilikuwa salamu.

"Ku nyumba ya muntu hatupitake bure bure," Papa alisema. "Unasalimia, hata kama mulango imefungwa. Sema."

"Jambo, Papa Bisimwa."

"Kwa nguvu. Unafikiri iko na masikio fasi gani, hapa chini?"

"Jambo, Papa Bisimwa!"

Basi fikirieni uwanja umejaa, Wajapani na kamera zao, wanafunzi wamekaa chini wanakula viazi, na katikati yao mtoto mweusi mwenye soksi nyeupe anapigia kelele ukuta. Watu waligeuka. Wengine walicheka kwa upole, jambo baya kuliko kuzomewa. Mama mmoja alinipiga picha. Papa hakuona chochote. Alivua kofia mbele ya kila nyumba, hata mvua ikinyesha, na mbele ya ile ya Maman Nabintu alisema maneno ya Mashi, chini chini, ambayo hakunifundisha.

Hakuna aliyeitikia. Na hapa ndipo akili yangu ya utoto ilipoanza kazi yake.

Sikuwa na shaka hata kidogo kwamba watu hao wanaishi humo. Papa alisema ni za kwao, na mapazia yalikuwepo, na mara nyingine taa iliwaka juu. Niliona pia ni sawa kwamba watu wa kwetu wawe na nyumba za dhahabu, kwani niliwasikia wakubwa wakisema kila siku kwamba dhahabu ya huku ilitoka kwetu. Kilichonisumbua ni ule ukimya. Kwetu mtu hanyimwi salamu. Unaweza kumnyima mtu mkopo, unaweza kumnyima binti yako, lakini akisimama mlangoni akasema jambo, unaitikia. Anayekaa kimya anakuwa na neno zito moyoni, na anataka ulijue.

Nilishaona jambo hilo kwa macho yangu. Kulikuwa na tonton mmoja, yaani mjomba, aliyesema vibaya juu ya Maman kwenye sherehe ya ubatizo. Baadaye akawa anakuja Jumamosi, anasimama kwenye ngazi za jengo letu, anasalimia. Maman alikuwa akimsikia huku anaendelea kutwanga sombe, majani ya muhogo. Akaondoka, Jumamosi nyingine akarudi. Akasalimia, akaondoka. Mpaka siku Maman alipoweka mchi chini akasema, "Karibu, ingia, baridi itakuua," na mambo yakaisha pale pale, akala na sisi.

Kwa hiyo nilijumlisha. Mtu anayesimama kwenye milango ya wenzake Jumapili baada ya Jumapili, kofia mkononi, anasalimia na haitikiwi, ni mtu aliyekosa. Papa alikuwa amewakosea watu wale wote. Sijui kosa gani. Lakini lilikuwa kubwa, maana hata Papa Mugisho, aliyefunga mifupa ya watu bila kuomba kitu, hakutufungulia.

Sijui kama mnaelewa uzito wa aibu ile kwa mtoto. Si ya kuchekwa na wageni tena, hiyo ilishakuwa ndogo. Nilianza kuwaogopa watu wetu kanisani. Nilidhani wanajua. Papa akishikwa mkono na mzee yeyote nilitazama kama mkono unashikwa vizuri au nusu nusu. Shuleni mtoto wa Kikongo mwenzangu akiniangalia sana, nilidhani nyumbani kwao wamesema. Na kila Jumapili nilijitahidi kuwa mzuri, nikapangusa viatu kwa mate, nikasalimia kwa sauti yangu ya kanisani, nikidhani labda wataona kwamba mtoto hana makosa na watamsamehe baba kwa ajili ya mtoto.

Siku moja nilithubutu.

"Papa, juu ya nini habaitikie?"

Alikuwa anabonyeza kidude chake. Kidole kilisimama.

"Bataitikia," alisema. "Siku moja. Bon, tutarudia dimanche."

Kwa masikio yangu hilo lilikuwa jibu kamili. Alikuwa amekubali.

Mambo yaliharibika majira ya kuchipua, darasa letu lilipopelekwa katikati ya mji. Madame, mwalimu wetu, alitugawa vikundi vidogo, kila kikundi na karatasi yenye mshale na maswali, tujiongoze wenyewe kuzunguka uwanja huku yeye anatutazama toka katikati. Tafuta ndege mweupe, tafuta farasi. Wenzangu walikimbia. Mimi nilisimama, nikaona kwamba kwa mara ya kwanza niko mbele ya mlango wa Maman Nabintu bila Papa, na kwamba mlango uko wazi.

Nikaingia. Ndani palikuwa na giza na harufu ya bia, na hiyo ilinipa moyo, kwa sababu nyumba ya mwenye kasiksi ingenukia nini kingine? Mzee wa Kizungu mwenye masharubu alikuwa nyuma ya meza akikata tiketi.

"Bonjour, monsieur," nikasema. Tulizungumza Kifaransa. "Nimekuja kumwona Maman Nabintu."

"Nani?"

"Mwenye nyumba."

Akaniambia hii ni nyumba ya watengeneza bia.

"Ndiyo," nikasema, "ndiye yeye."

Akacheka, si kwa ubaya, akaniuliza niko na nani. Nikaona muda unaniishia, nikayasema yote haraka, mikono nyuma, kama shairi la shule: kwamba mimi ni mtoto wa fulani, kwamba Papa aliwakosea na anajua, kwamba anakuja kila Jumapili na hata anavua kofia, na kwamba tafadhali amwambie Maman Nabintu amsamehe, hata kama hataki kufungua, aitikie tu. Nilipogeuka, kikundi changu kizima kilikuwa mlangoni, na Madame nyuma yao. Msichana mmoja alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili ili asicheke.

Jioni Madame alimsubiri Papa kwenye geti. Alikuwa mwanamke mwema na alisema kwa wema, jambo lililozidisha mateso. Alimweleza Papa kwamba kuna bibi mmoja ambaye mtoto anaamini anaishi Grand-Place, na kwamba mtoto anaamini baba yake alimfanyia huyo bibi jambo baya, na kwamba kama kuna shida yoyote nyumbani wanaweza kuzungumza. Wazazi wengine walikuwa wanapita. Papa alisema, "Oui, Madame. Pardon, Madame. Merci, Madame." Alinishika mkono. Nilijua kwamba nimemwaga siri ya familia mbele ya Wazungu.

Maman alikuwa jikoni anamenya ndizi. Papa alimwambia yaliyotokea kwa maneno machache, bila kuvua koti. Maman alianza kucheka. Alicheka mpaka akaweka kisu chini.

"Weye mutoto! Zile nyumba si zabo. Papa yako anatengenezaka tu, hata ile mwanamuke ya mu masikio hamuelewe, anasema Kiitaliano. Bisimwa, Nabintu, bale ni bajirani ba kwetu Bukavu, ba ku avenue. Kama vile nyumba zilikuwa zinafuatana pale, njo vile anazipanga huku. Ni kucheza."

Nikasimama pale na masikio yakaniwaka. Mara moja niliona yote: uwanja, kamera, soksi zangu, mimi napiga kelele kwa duka la chokoleti. Nikatamani sakafu ifunguke. Lakini Papa hakuwa anacheka. Alikuwa anatazama ndizi.

"Nani alikuambia nilibakosea?" aliniuliza.

"Hakuna. Niliona habaitikie."

"Mutoto anasema kweli," Papa akasema.

Maman akaacha kucheka. "Kweli gani?"

"Hatukubaaga, siku tulitoka."

Mimi, ambaye kwa kawaida ningefukuzwa, nilisahauliwa pale karibu na friji. Ndivyo nilivyojua tulivyotoka. Vita ilipofika juu ya kilima, mchana wa mvua, rafiki mmoja wa Papa alikuwa na gari, na gari lilikuwa na nafasi ya baba, mama na mtoto wa mgongoni, ndiye mimi. Likasimama kwenye kona, si mlangoni. Papa alimwambia Maman atoke nyuma, kwa bustani, kama anayekwenda kuchota maji. Yeye akafuata. Bisimwa alikuwa kibarazani kwake anashona, alisema Papa. Papa alimsikia kutoka bustanini. Ile mashine ilikuwa na sauti yake.

"Ningeenda kumuaga," alisema, "angeniuliza munaenda na nini. Ningesema gari. Nabintu na batoto yake bangesikia. Bangetaka kupanda. Donc nani angeshuka? Wewe? Mutoto?"

"Hakuna muntu angekulaumu," Maman akasema.

"Njo maana sikubaaga."

Maman aliokota kisu, akamenya ndizi moja yote, polepole.

"Na bao?" aliuliza.

"Sijue. Sijasikia hata moja. Sijue kama bako."

Baada ya hapo hakukuwa na matembezi. Kidude kiliingia kwenye kabati, na Jumapili Papa alilala, au alikaa dirishani akiangalia magari. Nilipaswa kufurahi. Hakuna tena soksi nyeupe, hakuna tena kupiga kelele. Badala yake niliona aibu ya aina mpya, ambayo sikuwa na jina lake: nilikuwa nimemnyang'anya baba yangu milango ya kusimama. Sasa nikiwa mtu mzima ninaelewa kidude kile kilimfaa kwa nini, hata kwa lugha asiyoijua. Mwanamume anayesimama mbele ya nyumba dakika nyingi, midomo inacheza, watu wanaita polisi. Akiwa na kitu masikioni na ramani mkononi, ni mtalii tu.

Kisha simu ikapigwa kutoka Liège. Kijana aliyeongea na Papa alikuwa mtoto wa Maman Nabintu. Alisema mama yake yuko hai. Alikaa miaka kambini Uganda, sasa yeye kijana amemleta Ubelgiji, na kanisani kwao Liège mtu mmoja alitaja jina la Papa. Mama yake aliposikia jina aliketi chini kutwa nzima. Sasa anataka kuja kumwona, Jumapili.

Papa alirudisha simu mahali pake kama kitu cha udongo. "Anataka kuja," alimwambia Maman. "Yeye mwenyewe."

"Ni vizuri."

"Na kama haitikie?"

Maman aliomba ruhusa Uccle, akapiga pasi shati, akapika sambaza, dagaa wa kwetu, alizozitafuta soko zima. Papa alinyoa mara mbili. Mimi niliwekewa soksi nyeupe bila kuambiwa, nikazivaa.

Jumapili ile Gare du Midi ilikuwa kama ilivyo kila Jumapili, soko limezunguka stesheni, kuku wanageuka kwenye moto, wauza nguo wanaita bei kwa Kifaransa na Kiarabu. Tulipanda mpaka kwenye reli. Papa alikuwa amevua kofia tangu ngazi za chini, akiizungusha mkononi. Nilikuwa nikimtafuta mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika mpaka mwisho wa avenue. Aliyeshuka alikuwa mama mfupi mwembamba, koti la kiume juu ya kitenge, anashikwa kiwiko na kijana. Papa alimtambua kabla yetu. Akasogea, akasimama mbele yake mbali kidogo, kama mtu aliye mlangoni.

"Jambo, Maman Nabintu."

Akamtazama. Hakuitikia. Watu walitupita na masanduku ya magurudumu, treni ikafunga milango ikaondoka, na bado anamtazama.

"Jambo, Maman," Papa akarudia.

"Papa," akasema, "siku ile tulikuja kubaita."

Papa aliacha kuizungusha kofia.

"Batu ba bunduki balikuwa banashuka. Tulikuwa tumeshaanza kukimbia, miye na batoto, na Bisimwa. Bisimwa akasema hapana, bajirani bako ndani, na mutoto mudogo, hatuwezi kubaacha. Tukarudia. Tulipiga mulango. Tulipiga, tulipiga! Redio ilikuwa inaimba ndani. Tukasema bako, banaogopa tu, habataki kufungua."

Maman aligeuka polepole akamwangalia Papa. "Redio?"

"Niliiacha," Papa akasema. Alisema akiangalia kofia. "Niliacha inaimba. Batu bafikiri tuko."

"Bisimwa akaniambia, weye enda na batoto, miye ntavunja dirisha nibatoe." Maman Nabintu alisimama kuvuta pumzi. Hapakuwa na hasira yoyote usoni mwake, na mimi nilikuwa naitafuta, nilikuwa naitaka, ingekuwa rahisi. "Hakutoka tena. Miye nilifikiri mulikuwa naye mule ndani. Miaka yote hii, papa. Nilibalilia bote pamoja. Nikilia Bisimwa, nabalilia na nyinyi."

Kijana wake alimshika bega. Papa alitafuta neno, na nadhani lipo neno la kusema mtu akikuambia hivyo, lakini hakuna aliyetufundisha. Maman alikuwa amefunika mdomo kwa kitenge. Niliona aibu mwili mzima, kwa soksi zangu, kwa sambaza zinazotungoja nyumbani mezani, kwa kuwa hai pale na mafuta usoni.

Ndipo Maman Nabintu akanyoosha mikono yote miwili, kama inavyotakiwa, akaushika mkono wa Papa katikati yake. Aliutikisa kidogo. Akaniangalia mimi, akamwangalia Maman, akarudi kwa Papa, na akaitikia, vizuri, kwa ukamilifu, jinsi mtu anavyoitikia kibarazani kwake.

"Jambo sana, papa. Muko bote?"

Kwetu ni swali la kila siku, kuuliza kama mko wote na hakuna aliyepungua. Unaulizwa hata na mtu uliyemwona asubuhi, na jibu linatoka kabla hujafikiri. Papa alifungua mdomo, akaufunga. Aibu ilimpanda kutoka kwenye ukosi wa lile shati lililopigwa pasi mpaka masikioni, nikaiona inavyopanda, na hakuutoa mkono wake.

"Tuko bote, Maman," akasema.